Beringi Mpya, Nyundo ya Zamani

Beringi ya mbele iliyochoka huanza kulalamika kwa sauti ya chini sana. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa husikii kitu. Ukifika 70 unasikia mvumo kama wa ndege ndogo iliyo mbali. Ukifika 100 inabidi uongeze sauti ya redio, na wengi wetu huiongeza kweli, miezi ikapita. Beringi haina haraka ya kufa. Inampa mwenye gari muda wa kutosha wa kujiandaa, naye anautumia muda huo kuuzoea mlio.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu hasa magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele: Corolla, IST, Probox, Vitz na jamaa zao, ambayo ndiyo yamejaa barabara za Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa. Kazi yenyewe utaiweza nyumbani ikiwa una vifaa na unajua mahali pa kupata presi. Kama huna nia ya kushika spana, soma vilevile. Beringi nyingi zinazorudi gereji na mlio uleule hazikuuawa na barabara. Ziliuawa siku ileile zilipofungwa, mwenye gari akiwa amekaa pembeni anasubiri na soda mkononi. Ukijua fundi anatakiwa kusukuma wapi, na wapi asiguse kabisa, kusimama kwako karibu naye kutakuwa na faida.

Tuanze na vilivyomo. Habu ni kile chuma chenye boliti nne au tano za kufungia rimu. Shingo yake inaingia kwa kubana katikati ya beringi. Beringi nayo imebanwa ndani ya tundu la nako, yaani kile chuma kizito kinachoshika shokapu, breki na boljointi kwa pamoja. Halafu ncha ya shafti kutoka kwenye giaboksi inapita katikati ya habu na kukazwa kwa nati moja kubwa. Beringi yenyewe ina pete moja ya nje, pete mbili za ndani zinazokutana katikati, mistari miwili ya gololi, grisi, na sili kila upande. Inatoka kiwandani ikiwa na grisi yake, kwa hiyo fundi anayetaka kuifungua sili ili aongeze nyingine mzuie kwa upole.

Ile nati ya shafti haishiki shafti tu. Ndiyo inayozibana zile pete mbili za ndani zikutane sawasawa. Ikilegea, pete zinaachana kidogo na gololi zinapoteza njia yake. Ndiyo maana gari halitakiwi kusukumwa hata hatua chache, uzito ukiwa juu ya magurudumu, wakati nati hiyo haijakazwa.

Kujua kama ni beringi kweli

Mlio wa beringi na mlio wa tairi lililokwisha vibaya hufanana, na watu wamenunua beringi mbili wakati tatizo lilikuwa tairi. Kwanza sikiliza barabara inapobadilika. Ukitoka kwenye lami mbovu na kuingia kwenye lami laini, mlio wa tairi hubadilika papo hapo, ilhali wa beringi huendelea kufuata mwendo wa gari tu. Ukiwa bado na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Mlio ukihama nayo, umeokoa pesa.

Kisha tafuta upande. Kwenye barabara pana isiyo na watu, ukiwa mwendo wa wastani, yumbisha usukani taratibu kushoto kisha kulia. Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, mgonjwa ni wa kulia. Ukizidi unapokata kulia, ni wa kushoto. Kipimo hiki ni kizuri lakini hakitoshi, kwa sababu sauti husafiri ndani ya bodi na kudanganya masikio.

Basi pandisha gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, weka gia kwenye nyutro. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, angalia boljointi na mambo ya chini. Tairi linalocheza ukilishika pande za kushoto na kulia tu, na si juu na chini, kwa kawaida linamtaja tairodi. Mwisho weka vidole kwenye springi ya shokapu, mkono mwingine uzungushe gurudumu. Beringi mbovu utaisikia ikikwaruza vidoleni hata kama haijaanza kucheza. Kipimo hiki cha vidole ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Kuna dalili mbili ambazo hazitaki kusubiri mwisho wa mwezi. Ya kwanza ni pedali ya breki kushuka chini zaidi unapoikanyaga mara ya kwanza baada ya kona, kisha kurudi kawaida. Habu inayocheza huyumbisha diski, diski inasukuma pedi nyuma, na pedali inalipa deni hilo. Ya pili ni taa ya ABS kuwaka pamoja na mvumo. Ukiziona hizi, gari halifai kwa safari ya mkoani.

Maji, mashimo na rimu za mbwembwe

Mashimo hulaumiwa sana, na kweli yana lawama. Lakini maji ni adui mkubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Gari likitembea, beringi hupata joto. Ukiliingiza hivyohivyo kwenye dimbwi linalofika katikati ya gurudumu, kama ilivyokuwa ikitokea pale Jangwani Mto Msimbazi unapofurika, hewa iliyo ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na maji yanavutwa kupitia kwenye sili. Grisi inageuka uji wa kijivu. Mlio hauji siku hiyo. Utakuja baada ya mvua kuisha, wakati umeshasahau kuwa ulivuka maji. Bomba la kuoshea magari lenye nguvu likielekezwa kwenye habu kwa karibu hufanya jambo hilohilo kidogo kidogo.

Rimu zinazotokeza nje ya bodi, na vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili gari lionekane limekaa kiume, huongeza nguvu inayoipinda beringi katika kila shimo. Sina ugomvi na urembo. Ila anayeuchagua aweke na bajeti ya beringi.

Kununua

Usinunue kwa jina la gari pekee. IST mbili zinaweza kutofautiana: moja ina ABS, nyingine haina, moja inavutwa na magurudumu mawili, nyingine na yote manne. Mpe muuzaji namba ya chesisi, au subiri ya zamani itoke usome namba iliyochongwa kwenye pete yake. Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kisekka kule Kampala, kote huko utapata kila kitu, na kila kitu ni pamoja na bandia.

Koyo, NSK, NTN, SKF, FAG na Timken ni majina ya kweli ya watengenezaji, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoigwa. SKF ina programu ya simu inayokuwezesha kupiga picha za boksi na beringi ili wahakiki. Kwa macho, angalia maandishi: ya kweli huwa yamechongwa kwa unadhifu, si kupigwa wino unaofutika kwa kucha. Zungusha pete kwa mkono. Iende kwa ulaini na ukinzani mdogo wa grisi, bila kukwama. Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine yote mtaani, umeshajibiwa.

Nako nzima ya mtumba kutoka Japani, ikiwa na habu na beringi yake ndani, ina watetezi wengi, nami siwapingi moja kwa moja. Unafungua ya zamani, unafunga hiyo, presi haihitajiki. Tatizo ni kwamba umri wa beringi iliyomo haujulikani, na pengine gari ilikotolewa liligongwa upande huohuo. Nako iliyopinda kidogo haionekani kwa macho, ila tairi litaisoma. Beringi mpya ya kampuni ya kuaminika ndani ya nako yako mwenyewe ndiyo njia bora, mradi ifungwe ipasavyo.

Magari mengine hayana shida hii ya presi. Subaru Forester ya kizazi cha tatu, kwa mfano, ina beringi na habu vilivyounganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja kinachofungwa kwenye nako kwa boliti nne. Hapo kazi kubwa huwa ni kutu tu.

Kufungua

Pandisha gari, liweke kwenye stendi. Usifanye kazi hii juu ya jeki pekee, hata kama jirani yako amefanya hivyo miaka yote. Ondoa gurudumu. Nati ya shafti kwenye magari mengine imezuiwa kwa pini, kwenye mengine ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti. Inua ukingo huo kwa tindo nyembamba kabla ya kuzungusha, la sivyo utakwangua nyuzi za shafti na kujiongezea gharama. Kisha mtu akanyage breki, wewe tumia soketi nzima, Corolla nyingi huchukua namba 30, na mpini mrefu. Nati iliyogongwa ukingo isirudishwe. Nunua mpya pamoja na beringi.

Kalipa ifungue pamoja na kishikio chake, uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki. Diski ikiwa imeng'ang'ania habu, tafuta matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni mwake. Ukiingiza humo boliti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, diski inajitoa bila kelele. Sensa ya ABS itoe mapema, na ikikataa kutoka usiivute kwa koleo. Ilowanishe mafuta ya kupenya kutu, uizungushe kidogo kidogo. Ni plastiki.

Kabla ya kutoa boliti mbili zinazounganisha nako na shokapu, weka alama ya rangi kuonyesha zilivyokaa. Mkao wa gurudumu kwa juu unategemea pale. Toa tairodi, toa boljointi, kisha sukuma shafti irudi ndani. Ikigoma, rudisha nati iwe sawa na ncha ya shafti, weka kipande cha mbao au shaba juu yake, ndipo ugonge. Usiivute shafti kwenda nje kwa nguvu, jointi ya ndani inaweza kuchomoka. Sasa nako nzima ipo mkononi mwako, nzito na chafu, na safari ya kwenda kwenye presi inaanza.

Kwenye presi

Mitaa mingi ya gereji ina presi moja, kwa kawaida kwenye karakana ya kuchonga vyuma, na mafundi wote hupeleka kazi zao pale kwa kulipa kidogo. Hapa ndipo fundi mwenye haraka hukwambia, "Bosi, hii naigonga tu, dakika mbili imekaa." Mjibu, "Fundi wangu, twende kwenye presi, hela ya presi naitoa mimi." Kiasi chenyewe ni kidogo ukilinganisha na bei ya beringi ya pili.

Habu ndiyo inayosukumwa nje kwanza. Itatoka na pete moja ya ndani ikiwa imeng'ang'ania shingoni mwake, na huko ni kawaida. Pete hiyo hukatwa kwa grainda karibu ifike chini, kisha ikapasuliwa kwa tindo. Diski ya grainda isiguse shingo ya habu. Shingo ikiwa na mikwaruzo mirefu, rangi ya bluu ya kuungua, au pete ya zamani imekuwa ikizunguka juu yake na kuila, badilisha na habu yenyewe. Wengi hukataa gharama hii, halafu beringi mpya inakaa juu ya shingo iliyolika, na baada ya muda mfupi inacheza. Angalia pia boliti za rimu. Yenye nyuzi zilizochoka ibadilishwe sasa hivi wakati kila kitu kiko wazi.

Ndani ya tundu la nako kuna sakilipi, pete ya springi inayoizuia beringi isitoke. Itoe kwa koleo lake kabla ya kusukuma. Presi ina nguvu ya kutosha kuvunja mdomo wa nako mtu akiisahau. Beringi ikishatoka, safisha tundu, ondoa kutu kwa msasa laini, pakaza mafuta kidogo.

Sasa ile kanuni ambayo kwayo beringi inaishi au inakufa: nguvu ya kusukuma isipite kwenye gololi. Unapoingiza beringi ndani ya nako, sukuma pete ya nje tu. Pete ya nje ya beringi ya zamani, ikisagwa pembeni kidogo isikwame, ni kifaa kizuri cha kusukumia. Unapoingiza habu ndani ya beringi, pete ya ndani ya upande wa pili lazima iwe imekaa juu ya bomba la kipimo chake, ili nguvu ya presi ipokelewe na pete hiyohiyo. Mtu akiacha nako yenyewe ndiyo ibebe kazi, nguvu yote inatoka pete ya ndani, inapita kwenye gololi, inaingia pete ya nje, na kila gololi inaacha kidimbwi kidogo kwenye njia yake. Nyundo hufanya hivyo kwa kila pigo. Beringi itazunguka vizuri mkononi, gari litatoka gereji kimya, na mvumo utaanza baada ya kilomita kadhaa. Mwenye gari atalaumu duka.

Beringi za magari yenye ABS mara nyingi zina sumaku ndani ya sili moja, na upande huo ndio unaotazama sensa. Ikifungwa kinyume, taa haitazimika mpaka ifunguliwe tena, na kuifungua tena ni kuiua. Hakikisha upande kabla ya kusukuma, na usiiweke juu ya spika au meza yenye vumbi la chuma.

Wapo wanaoweka beringi kwenye friji usiku mmoja na kuipasha nako joto kabla ya kazi. Ni mbinu halali, chuma baridi husinyaa, na inarahisisha kuingia. Ila mwali wa moto usielekezwe kwenye beringi yenyewe. Kinyume chake, ikiwa beringi inaingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kidole gumba, tundu limekwisha. Hapo utaona fundi akichukua senta panchi na kupiga vitone ndani ya tundu, au akikata kibati cha kopo akizungushie beringi. Inabana, ndiyo, kwa muda. Nako iliyofika hapo inatakiwa kubadilishwa.

Kurudisha

Sakilipi irudi kwenye mfereji wake mzima mzima. Isipoingia, beringi haijafika mwisho. Fuata njia uliyokuja nayo: boljointi, boliti za shokapu kwenye alama zake, tairodi na pini mpya, sensa, diski, kalipa. Kisha nati ya shafti, gurudumu likiwa bado hewani na breki imekanyagwa. Kwa Corolla za kati ya 2003 na 2008 kipimo cha kiwanda ni niutoni mita 216. Spana ya kupimia mkazo ndiyo jibu. Asiye nayo ajue kwamba hiyo ni sawa na kubonyeza kwa uzito wa kilo 22 hivi kwenye ncha ya mpini wa mita moja, au kilo 44 kwenye mpini wa nusu mita. Ni makisio ya kukufikisha kwa mwenye spana hiyo, si mbadala wake. Mashine ya upepo isiachiwe kufanya kazi hii mpaka mwisho, maana haijui ilipofika. Nati za rimu za Corolla ni niutoni mita 103, zikazwe kwa kupishana, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 au 100.

Kabla ya kuwasha gari kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Pedi zimesogea wakati wa kazi, na pedali ya kwanza inaweza kwenda mpaka chini huku gari likielekea ukutani. Halafu peleka gari kwenye alaimenti hata kama alama zako za rangi zilikutana vizuri.

Huna lazima ya kubadilisha pande zote mbili kwa pamoja kama inavyofanywa kwa pedi za breki. Beringi hazifi kwa jozi. Badilisha ile iliyokwisha, uipime ya pili kwa vidole kwenye springi wakati gari bado liko juu.

Na usiiache ya zamani pale gereji. Iombe, ifungue, ifute kwa petroli, uitazame mchana. Rangi ya kutu na uji wa kijivu maana yake ni maji, basi angalia sili za upande wa pili na madimbwi unayoyavuka. Rangi ya bluu au kahawia iliyoungua ni joto na grisi iliyokwisha. Mabaka yaliyobanduka upande mmoja wa njia ya gololi ni uchovu wa kawaida wa kilomita nyingi na mashimo. Lakini ukiona vidimbwi vidogo vimejipanga kwa nafasi sawa kuzunguka njia nzima, umbali wa gololi moja hadi nyingine, hiyo ilisukumwa au kugongwa vibaya ilipofungwa, na fundi aliyeifunga anastahili kuonyeshwa.